Kovu la Ruphin

Kwa miaka kumi na minne mimi na Ruphin tulishona katika chumba kimoja, orofa ya pili ya jengo la matofali mekundu Jeppestown, karibu na Barabara ya Jules. Cherehani yake ilikuwa dirishani, yangu mlangoni. Katikati kulikuwa na meza ya kukatia vitambaa, na ikifika saa saba mchana tuliipangusa nyuzi, tukatandika gazeti, tukala.

Nikisema tulikula, msidhani na mimi nilileta kitu. Mimi nilileta mdomo. Chakula kililetwa na mke wake, Léocadie, aliyekuja nacho kwa miguu kutoka Troyeville, vyombo vimefungwa kwa kitenge visipoe. Walikuwa watu wa Uvira, Kongo, wote wawili. Mimi ni Mrundi wa Buyenzi, Bujumbura, mtaa wa Waislamu wengi ambao hata Mkatoliki kama mimi anakua akisema Kiswahili. Utotoni mwangu giza likiingia tuliziona taa za Uvira zikiwaka ng'ambo ya ziwa, tukabishana ipi ni ya kanisa na ipi ni ya bandari. Kwa hiyo nilipokutana nao hapa Johannesburg niliona kama nimekutana na majirani.

Léocadie alipanda ngazi akihema, akaweka mfuko mezani, akasimama na mikono kiunoni mpaka tunawe. Sombe ya majani ya muhogo yenye mawese, ndagala, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga, maharage, mchicha wa lengalenga, ugali wa muhogo. Na siku zote kulikuwa na kitu kibichi pembeni: kachumbari, kabichi iliyokatwa nyembamba kama uzi, kipande cha limau. Ruphin alikisukuma kando.

"Mimi si mbuzi," alisema.

Léocadie, aliyemwita kwa jina la binti yao, alikirudisha mbele yake. "Kula, Papa Murielle."

Akala, amekunja uso kama mtu anayemeza kwinini. Mchezo huo wao niliuona miaka na miaka, na haikunipitia akilini kwamba ungekuwa na siku ya mwisho.

Mwezi wa kwanza mwaka jana presha ilimwangusha Léocadie jikoni kwake. Siku ya tatu akafariki. Tulimzika Jumamosi yenye jua kali, kwaya ya kanisa lao wakiwa wamevaa majoho tuliyoyashona mimi na mumewe.

Ruphin alirudi kazini wiki ya pili. Saa saba ilipofika tukaipangusa meza kwa mazoea, tukatandika gazeti, halafu tukabaki tunaliangalia. Mwishowe akashuka kwenye spaza, kiduka cha chini ya jengo, akarudi na mkate mweupe, akachemsha maji, akatia sukari vijiko vitano kwenye kikombe. Huo ndio ukawa mlo wake. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Mke wangu, Inès, alianza kunifungia chakula cha watu wawili. Nikimsogezea Ruphin, alisema ameshiba. Mara ya tatu nikaacha. Mwanaume mzima kumbembeleza mwanaume mwenzake ale, tena aliyenizidi miaka kumi na zaidi, niliona haya. Hilo najilaumu mpaka leo.

Nyumbani nako, kama nilivyokuja kujua baadaye, alifunga mlango wa jikoni na ufunguo akautia mfukoni. Asubuhi mkate. Jioni mkate, au uji wa mahindi na sukari, aliupika kwa birika la umeme chumbani kwake. Binti yao wa pekee, Murielle, alizaliwa hapahapa, anafanya kazi ofisi ya bima Randburg na anakaa hukohuko. Jumapili alikuja na kuku wa kununua, kwenye boksi. Walikaa sebuleni, binti akiuliza kwa Kiingereza, baba akijibu kwa Kiswahili, kila mmoja akimwelewa mwenzake nusu. Gari lake likishapinda kona, Ruphin alimpelekea jirani boksi zima.

Baridi ilipoanza, mwezi wa tano, nikaona amebadilika. Joho alilokuwa akilimaliza siku moja sasa lilimchukua siku tatu. Alisema miguu inamuuma kama amebeba saruji. Akigusa tu ukingo wa meza, paja lilivilia damu. Siku moja aliuma mkate, nikaona alama nyekundu pale meno yalipopita.

"Muzee, unatoka damu."

"Ni uzee, Aloys. Meno nayo yanazeeka."

Nikaamini, au niliona ni rahisi kuamini.

Halafu Jumanne moja ya mwezi wa sita alinyanyua mguu wa kulia, akaukunja mguu wa suruali mpaka gotini, akaniita. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu aliye kanisani.

"Njoo uone."

Nililijua kovu lile. Alikuwa amenihadithia mara nyingi, Léocadie akiwepo, na kila mara mke alikuwa akimsahihisha. Mwaka wa themanini na tisa, Uvira, Ruphin kijana wa miaka ishirini na sita, ana baiskeli mpya ya Kichina na kengele yake. Anashuka kuelekea daraja la Mulongwe. Mbele yake anapita msichana amejitwika beseni la ndagala, hashiki kwa mkono, shingo imenyooka. Ruphin akamwangalia yeye badala ya barabara. Baiskeli ikagonga jiwe la daraja, kanyagio likampasua muundi. Msichana akatua beseni, akafungua kilemba chake, akamfunga mguu huku akicheka mpaka machozi. "Angalia njia, si watu," alimwambia. Zahanati walimshona mishono saba, mibaya, ambayo yeye, fundi cherehani, hakuwahi kuwasamehe. Baada ya mwaka wakaoana.

Sasa kovu hilo, la miaka thelathini na tano, lilikuwa limefunguka. Hakuanguka, hakujigonga. Lilikuwa limeachia kuanzia juu hadi chini kama pindo lililofumuka, na ndani palikuwa pekundu, kama jeraha la jana.

Habari zikafika kanisani kabla ya Jumapili. Mzee Hénock, kiongozi wao wa maombi, alipanda ngazi zetu mwenyewe. Alilitazama jeraha, akatikisa kichwa.

"Kovu la zamani hivi halifunguki lenyewe," alisema. "Hapa kuna mkono wa mtu."

Ruphin alimsikiliza kwa adabu, hakuonyesha hofu yoyote. Mzee alipoondoka, akanigeukia.

"Kweli kuna mkono, Aloys. Ni yeye. Ananiita."

"Nani?"

"Mama Murielle. Amefungua palepale alipopafunga."

Alikuwa anatabasamu, fizi zimevimba na kuiva kama zambarau. Nikatoka nje kwenye ngazi nikampigia Murielle simu.

"Tonton, nakuja sasa hivi," alisema. Tonton ni mjomba, ndivyo anavyoniita; lakini mengine aliyasema kwa Kiswahili, na hapo nikajua ameogopa.

Tulimpeleka kliniki ya serikali. Tulipanga foleni tangu asubuhi. Daktari alikuwa dada kijana mwenye miwani, mpole, aliyeonekana hajalala vya kutosha. Alipima sukari, akapima presha, akaangalia mdomo. Alishika tochi akainama juu ya miguu ya Ruphin muda mrefu. Kisha akaniita na mimi nione: kila unywele wa mguuni ulikuwa umejiviringa kama springi ndogo ya cherehani, na kwenye shina la kila mmoja kulikuwa na nukta nyekundu.

"Muulizeni anakula nini," alisema kwa Kiingereza.

Murielle akamgeukia baba yake. "Papa, unakula nini kila siku?"

"Kila kitu," alijibu Ruphin. "Nakula vizuri."

Daktari akaanza kuandika. Nilimwona akiandika, nikaona nikinyamaza hapa basi nimenyamaza moja kwa moja.

"Mkate na chai," nikasema. "Mkate mweupe na chai ya sukari, daktari. Tangu mwezi wa pili. Hakuna kingine."

Ruphin alinitazama kama nimemvua nguo mbele ya mtoto wake.

"Matunda?"

"Hapana."

"Mboga?"

"Hapana."

"Na kuku yangu?" Murielle aliuliza. "Papa, kuku niliyokuwa naleta?"

Ruphin aliangalia sakafu. "Nilimpa jirani."

Daktari akamwita muuguzi mmoja, mama mtu mzima, aje aone fizi. Mama yule akaangalia mara moja tu. "Eish, baba," alisema, akamshika bega. Walisema watapima damu ili wawe na uhakika, lakini wao walikuwa wameshajua. Alikuwa amepungukiwa vitamini C, tena vibaya sana. Muuguzi alituambia kwamba mama yake alikuwa akisimulia habari za babu yao aliyefanya kazi kwenye migodi ya dhahabu ya mji huuhuu, enzi wachimbaji walipokula uji wa mahindi na nyama iliyokauka. Fizi zao zilikuwa hivihivi. Wengine waling'oka meno, wengine walikufa.

"Lakini kovu?" nikauliza. "Kovu la miaka thelathini na tano?"

Daktari alivuta kiti karibu na Ruphin, akamweleza yeye mwenyewe, mimi nikitafsiri. Watu wanadhani kovu likishafunga limefunga, alisema. Sivyo. Mwili unalishona upya kila siku, unatoa uzi wa zamani na kutia mpya, na uzi huo hautengenezeki bila vitamini C. Ng'ombe anajitengenezea vitamini hiyo, mbuzi anajitengenezea, binadamu hawezi, wala hawezi kuiweka akiba ndefu. Lazima aile. Miezi miwili mitatu akiikosa, uzi unakatika. Mishipa midogo inavuja chini ya ngozi, fizi zinaoza, na vidonda vya zamani vinakumbuka. Neno hilo la mwisho ni langu. Yeye alisema vinafunguka.

Alipewa vidonge. Akaambiwa ale mapera, machungwa, pilipili hoho, kabichi isiyoiva sana. Baada ya wiki mbili ataona tofauti.

Mimi nilitoka pale nimefurahi. Ugonjwa una jina, dawa inapatikana hata sokoni, nini tena? Garini Ruphin alikaa mbele. Tuliposimama kwenye robot, taa za barabarani, karibu na Bertrams, akasema bila kugeuka:

"Kwa hiyo si yeye."

"Papa anasema nini?" Murielle aliniuliza kwenye kioo. Maneno aliyasikia, maana yake hakuipata. Sikumweleza.

Kazini, kinyozi wa chini, Yasini, Mtanzania wa Tanga, alituuliza daktari kasemaje. Nilipomaliza kumweleza alipiga makofi. "Ah, hicho ni kiseyeye! Ugonjwa wa mabaharia wa zamani. Sasa fundi, Johannesburg bahari iko wapi?" Wateja wake wakacheka, na mimi nikacheka. Ruphin alishika ngazi akapanda taratibu, hatua moja baada ya nyingine.

Zikapita siku kumi. Miguu bado ilimuuma, jeraha bado liko wazi, kila asubuhi alikuja na bandeji mpya. Nikaanza kuwa na wasiwasi na ule uchunguzi wa daktari. Mchana mmoja nilihitaji vifungo vyeupe vya shati, nikafungua kopo lake la vifungo kama nilivyofanya siku zote. Vidonge vilikuwa humo. Pakiti nzima, vimepungua viwili tu.

Nikaweka kopo juu ya cherehani yake.

"Muzee, hivi ni nini?"

"Vifungo."

"Usinifanye mtoto."

Aliondoa mguu kwenye kanyagio. Cherehani ikanyamaza.

"Aloys, wewe jioni ukifika kwako kuna mtu anakuuliza mbona umechelewa. Mimi nikifungua mlango nakuta hewa. Kitu pekee alichoniachia kinachosema ni hili jeraha. Likiuma nasikia sauti yake, nasikia anavyocheka pale darajani. Sasa mnataka nilifunge. Nikishalifunga nitabaki na nini?"

Nilikaa kwenye cherehani yangu nikashona kola vibaya, nikaifumua, nikaishona tena vibaya.

Jioni, badala ya kupanda taxi, nilitembea hadi Troyeville. Kwenye kona moja pale huuza mboga mama mmoja anaitwa Concilie, Mrundi wa Makamba, ambaye Léocadie alikuwa mteja wake kwa miaka kumi. Nilisema nataka mapera. Alinichagulia huku akiuliza habari za Papa Murielle, kwamba mbona hapiti tena upande huo. Nikajikuta namweleza yote, jeraha, daktari, vidonge kwenye kopo. Aliacha kuchagua, akayashika mapera mawili mkononi.

"Mlete Jumamosi," alisema. "Mlete na binti."

Kumleta haikuwa rahisi. Murielle alimdanganya kwamba anahitaji kununua viazi. Tulipofika, Concilie alikuwa ametandika gunia jipya pembeni ya meza yake, na juu yake amepanga vitu kwa uangalifu, kama mtu anayeandaa mahari.

"Karibu, Papa Murielle. Pole na msiba, sikuja kukaa sana siku zile." Akaonyesha gunia. "Hiki ndicho kikapu cha mama. Kila Jumamosi, miaka kumi, hakubadilisha. Lengalenga mafungu mawili. Kabichi moja ndogo. Nyanya. Pilipili hoho tatu. Wakati wa baridi mapera, anayanusa moja moja. Na malimau sita."

"Malimau sita?" Ruphin alisema. "Hapana, mama, umechanganya na mtu mwingine. Mimi sipendi uchachu. Kwangu limau lilikuwa kipande kimoja pembeni, tena nilikisukuma."

Concilie alicheka, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Papa! Malimau sita kila wiki, unafikiri alikuwa anaoshea vyombo?"

Ruphin akamtazama bila kuelewa.

"Aliyakamulia kwenye sombe yako. Kwenye maharage, kwenye lengalenga, kwenye samaki. Akishaipua, kabla hajafunika. Alinifundisha na mimi. Alisema ukikamulia ikiwa bado motoni nguvu yake inakufa, na mboga za majani ukizila na limau mwili unapata damu zaidi. Halafu anatia mawese kidogo na chembe ya sukari ili usisikie. Alikuwa ananiambia, 'Concilie, mzee wangu ni mtoto, dawa yake lazima ifichwe.'"

"Alijifunza wapi hayo?" Murielle aliuliza, kwa Kiswahili chake cha kukwaruza.

Concilie alimwangalia Ruphin kama anaomba ruhusa.

"Kambini," Ruphin akasema mwenyewe, polepole. "Kigoma. Tulipokimbia vita. Alikuwa na mimba, damu ikamwishia, wakasema amekosa chakula cha kutia damu. Mtoto hakukaa." Akaokota limau moja pale guniani. "Kulikuwa na nesi pale. Alikuwa anawakusanya akina mama chini ya turubai anawafundisha. Mimi nilidhani wanaenda kupiga soga."

Murielle alikuwa hajui kwamba kulikuwa na mtoto kabla yake. Niliona uso wake ukibadilika.

"Alinieleza siku moja mvua ilipotukuta hapa," Concilie alisema. "Kwamba alipotoka kambini aliapa hakuna mtu wa nyumba yake atakayepungukiwa kitu tena, maadamu yeye ana mikono."

Ruphin aliketi juu ya kreti la nyanya. Watu walikuwa wanapita na mifuko yao ya Jumamosi, taxi zinapiga honi, naye akaweka viganja usoni akalia kwa sauti. Msibani hakulia hivyo. Makaburini alisimama kama mti. Murielle alipiga magoti kwenye lami, na nguo zake za ofisini, akamkumbatia kiunoni.

"Nilidhani ni mapishi tu," Ruphin alikuwa anasema. "Mwanangu, nilidhani ni mapishi tu."

Tulinunua kikapu kizima. Concilie akamwachia jirani yake meza, akaja na sisi. Nyumbani Ruphin alitoa ufunguo mfukoni, akaufungua mlango wa jikoni. Kila kitu kilikuwa pale kama kilivyoachwa: kinu kwenye kona, kile ambacho majirani walilalamikia kelele zake, vile vitenge vya kufungia vyombo, vimekunjwa, chupa ya mawese nusu, yameganda kwa baridi. Harufu ya Léocadie bado ilikuwemo. Tulisimama mlangoni wote wanne na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuikanyaga sakafu ile. Murielle akavua viatu, akaingia.

Concilie alielekeza, Murielle akapika. Mimi niliosha. Ruphin alipewa malimau. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwa baridi na ugonjwa, na maji ya limau yalimwunguza, lakini hakuacha hata moja. Murielle aliunguza kitunguu mara mbili. Alipouliza mama yake alikuwa anatia chumvi kiasi gani, baba yake alifungua mdomo kujibu, akaufunga. Miaka thelathini na kitu amekula kwa mkono wa mwanamke yule, na hata siku moja hakuwahi kuchungulia chungu.

Lengalenga zilitoka na chumvi nyingi. Limau lilizidi, maana hakukuwa na wa kulificha. Ruphin alitia tonge mdomoni, uso ukajikunja wote, macho yakafumba, palepale kama zamani. Murielle akaanza kucheka huku machozi yakimtiririka, na mimi nikageukia sinki nikajifanya kuosha sufuria iliyokwisha kuoshwa. Mapera tuliyaponda kwa kijiko kwa sababu ya fizi zake. Alikula mawili, akaomba la tatu.

Tangu Jumatatu ile alimeza kidonge mezani, mbele yangu, saa saba kamili, bila kuambiwa. Siku ya nne fizi ziliacha kutoka damu. Wiki ya pili alipanda ngazi zetu bila kushika ukuta. Mwisho wa mwezi wa saba jeraha lilikuwa limefunga, ngozi changa, nyembamba na ya kung'aa. Niliogopa siku hiyo, nikifikiri huzuni itamrudia. Yeye alinionyesha mguu karibu na dirisha akasema mishono saba bado inaonekana, na bado ni mibaya.

Mzee Hénock alipokuja kuuliza maombi yamejibiwaje, Ruphin alimkaribisha kiti. "Ulisema kweli, muzee. Mkono ulikuwepo. Ulikuwa wa mke wangu. Lakini haukuwa unafungua, ulikuwa unafunga. Ulipoondoka ndipo kovu likafunguka." Mzee alifikiri, akasema hilo linaweza kuhubiriwa.

Murielle anakuja kila Jumamosi sasa. Wanapika pamoja, na akipika anauliza: Mulongwe ni mto au mtaa? Ndagala wanavuliwa vipi? Yule mtoto alipewa jina? Ruphin anajibu yote, hata yale aliyokuwa ameyafungia. Kiswahili cha binti kimekuwa cha Uvira kabisa, siku nyingine ananiambia "niko muzima, Tonton" nikasikia mama yake.

Mwezi wa kwanza mwaka huu ilifanyika ibada ya kumbukumbu. Watu wasiopungua arobaini walijaa ile nyumba ya Troyeville mpaka uani. Ruphin alikataa kusaidiwa na akina mama wa kanisa. Alipika yeye na bintiye tangu alfajiri, sombe, ndagala, maharage, na beseni la kabichi mbichi ambalo alizunguka nalo mwenyewe, akisimama mbele ya kila mwanaume mpaka achote. Chakula kilikwisha. Akaosha vyombo.

Wakati wa kurudi, mimi na Inès tulishuka kwa miguu kuelekea stendi, yeye amebeba mfuko wa vyombo tulivyokuwa tumewaazima. Alikuwa ananisimulia jinsi chakula kilivyokuwa kitamu, kisha akaniuliza kama katika miaka ile yote kumi na minne niliyokula mezani kwa Léocadie niliwahi kumwambia asante.

Nilitafuta siku hata moja. Nilikumbuka kitenge, nikakumbuka anavyohema akifika juu ya ngazi, nikakumbuka mikono kiunoni. Siku yenyewe sikuiona.

"Sikumwambia," nikasema.

Nikampokea Inès mfuko wa vyombo, tukaendelea kushuka.